Fisi Hapewi Bucha Kulinda

Tunaulizwa Fordsburg, tunaulizwa Mayfair, tunaulizwa kwa simu kutoka Leicester na Toronto: antivairasi gani ni ya kuaminika kwa kompyuta ya nyumbani? Sisi tuliosomea uhandisi tumelizoea swali hili mpaka tunalisikia usingizini. Na jibu linalotakiwa tunalijua: jina moja la kampuni, liandikwe kwenye kikaratasi, mtu aende nalo dukani. Majina tutayataja, subira kidogo. Lakini kwanza tuambizane ukweli ambao wengi hawapendi kuusikia. Wengi katika jamii yetu wanamnunua mlinzi kwa mwizi, kisha wanashangaa kuibiwa.

Tazameni mambo yanavyokwenda hapa kwetu. Kompyuta ikianza kusuasua inapelekwa kwa fundi, yule mwenye meza moja katikati ya maduka ya simu na ya vitambaa. Fundi anaifuta yote, anaweka Windows iliyochakachuliwa, juu yake anaweka antivairasi "ya kulipia" ambayo hakuna aliyeilipia, anapokea randi zake, na mwenye mali anarudi nyumbani ameridhika. Kwenye skrini kuna alama ya kijani: umelindwa. Leseni inaonyesha kwamba itaisha baada ya miaka kumi. Ni kampuni gani duniani inayotoa ulinzi wa miaka kumi kwa bei ya sahani ya biriani?

Hebu tueleze kwa lugha nyepesi. Antivairasi ya kweli hufanya kazi kwa kuwasiliana na wenyewe kila siku, hata mara kadhaa kwa siku, ikiuliza: faili hili mnalijua? Kuna kirusi kipya? Programu ya wizi ikiachwa iwasiliane na wenyewe itagundulika na kuzimwa. Kwa hiyo aliyeichakachua mara nyingi huikata njia hiyo. Anayebaki mlangoni ni mlinzi kiziwi, amevaa sare safi, lakini hazijui sura za wezi wa mwaka huu. Na maelekezo yanayokuja na mzigo huo karibu kila mara huanza na amri moja: zima kwanza ulinzi wa kompyuta yako. Yaani mtu msiyemjua anapiga hodi usiku wa manane, anasema mfungeni mbwa ndipo niingie, na mbwa anafungwa!

Haya si maneno ya kutishana. Virusi vinavyoitwa STOP, au Djvu, vilianza kuenea mwaka 2018, na waliovionja zaidi ni watu wa kawaida majumbani. Mlango wao mkuu ni programu za wizi na vile vijiprogramu vya kutengeneza namba bandia za leseni. Kirusi hicho kikiingia hufunga picha, barua na hesabu zote kwa kufuli lisilofunguka, kisha huacha ujumbe: lipa dola 980, ukiwahi ndani ya saa 72 utalipa nusu, yaani 490. Mara nyingi huja na mwenzake, ambaye kazi yake ni kuchota maneno ya siri yaliyohifadhiwa ndani ya kompyuta, ya benki yakiwemo. Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa dawa ya bure iliyofaa kwa aina 148 za kirusi hicho, lakini aina zilizofuata zilibadili kufuli, na wengi waliopatwa nazo hawakupata tena mali yao.

Yametufika hapa hapa. Katika jumuiya yetu, daftari la michango ya misiba, ile tunayoitegemea kusafirisha maiti hadi Dar es Salaam, Tanga au Bukavu, lilikuwa ndani ya kompyuta iliyotoka kwa fundi wiki tatu kabla. Siku lilipohitajika halikufunguka. Nani amechanga, nani anadaiwa, fedha ipo kiasi gani: yote yamegeuka herufi zisizosomeka. Marehemu alikaa mochwari siku nne zaidi, huku wazee wakijaribu kukumbuka hesabu kwa vichwa. Pamoja na daftari zilipotea nakala za vibali za watu kumi na mmoja, na anayezijua foleni za vibali Afrika Kusini hahitaji kuelezwa maana yake. Fundi alipoulizwa alisema kompyuta imechoka.

Wapo wanaosema virusi ni mambo ya wakubwa, masikini ataibiwa nini? Tuwakumbushe Julai 2019, kirusi cha kudai fidia kilipoingia kwenye mitambo ya City Power, shirika la umeme la Johannesburg, na wateja wakashindwa kununua umeme wa kulipia kabla, ule ambao Watanzania tunauita luku. Aliyekaa gizani hakuwa mkurugenzi. Na tukumbuke WannaCry, kirusi kilichoizunguka dunia kuanzia tarehe 12 Mei 2017 na kuzilazimu hospitali za Uingereza kuwarudisha wagonjwa. Kiraka cha kuziba tundu kilichopitia Microsoft ilikwisha kukitoa tarehe 14 Machi mwaka ule, siku 59 kabla. Waliosasisha kompyuta zao walilala usingizi wao. Sasa ile Windows ya wizi, ambayo kwa kawaida huzimwa masasisho ili isigundulike, kiraka itakipata wapi? Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hawa wamekatazwa hata kuuona ufa.

Linalotuudhi zaidi ni kwamba watu hawa hawa si wajinga wa kununua. Akiingia buchani Fordsburg, mtu wetu hutazama kwanza ukutani kama cheti cha halali kipo, na kimeisha lini. Akiingia Oriental Plaza, ile iliyojengwa miaka ya 1970 kwa wafanyabiashara wa Kihindi walioondolewa kwa nguvu Pageview na serikali ya ubaguzi, hukisugua kitambaa kwa vidole, akauliza kimetoka wapi, akabishana bei mpaka jasho limtoke. Kwa nyama anataka cheti, kwa kanga anataka asili yake. Kwa programu itakayoshika picha za mama yake marehemu, kibali chake na neno la siri la benki yake, haulizi kitu! Anasema "weka yoyote tu, fundi." Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu amekishonesha mwenyewe kwenye pindo.

Tunajua jibu litakalorudi: hatuna fedha, makampuni ya Marekani yametajirika vya kutosha. Kuhusu utajiri wao hatuna ubishi. Lakini hoja ya fedha haisimami, na hapa tunaomba msomaji atusikilize vizuri. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa tangu enzi ya Windows 8, yaani mwaka 2012, na kuuzwa zikiwa na Windows yake, zina namba ya leseni iliyohifadhiwa kiwandani ndani ya ubao mkuu wa mashine. Hata ile iliyotumika ofisini ikauzwa mtumba mara nyingi imeibeba. Ukiiweka upya Windows halali ya toleo lile lile, ambayo hupakuliwa bure kwa Microsoft wenyewe, mashine huisoma namba hiyo na mambo yameisha. Kwa hiyo fundi anapofuta Windows halali na kuweka ya kuchakachua, anatupa jalalani kitu ambacho mteja alikwisha kukilipia, kisha anamtoza ada ya kutupa.

Haya, majina. Ndani ya Windows 10 na 11 kuna Microsoft Defender, bure, bila leseni ya ziada. Maabara huru za AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, huzipima programu hizi mara kwa mara na kuchapisha matokeo bure kwa yeyote, na kwa miaka kadhaa sasa Defender imekuwa ikipata alama za juu AV-TEST. Upungufu wake mkubwa ni kwamba inautegemea sana mtandao, jambo la kufikiriwa kwa anayempelekea mzazi kompyuta mahali ambapo intaneti ni ya kubahatisha. Kwa nyumba nyingi za hapa inatosha. Anayetaka kulipia, alipie, lakini asome matokeo ya maabara hizo kabla ya kusikiliza matangazo. Na ajue kwamba Norton, Avast, AVG na Avira siku hizi zote ni mali ya kampuni moja, Gen Digital, kwa hiyo kubishana kati ya hizo nne ni kubishana na mwenye duka mmoja. Hata ya halali haiaminiwi kwa macho yaliyofumbwa: mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Marekani iliitoza Avast dola milioni 16.5 kwa kuuza habari za tovuti walizotembelea watumiaji wake. Na ndugu zetu walioko Marekani wajue kwamba Kaspersky ilipigwa marufuku huko Juni 2024, na masasisho yake yakakatwa Septemba mwaka huo.

Kama mashine ni ya zamani haiwezi kubeba Windows 11, na usaidizi wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, basi wekeni Ubuntu. Ni bure na ni halali, ilianza kutoka mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Welkom hapa hapa Afrika Kusini, na jina lake ni ndugu wa neno letu utu. Virusi vingi vilivyotengenezwa kwa ajili ya Windows havina pa kushika humo.

Na baada ya yote hayo, hakuna antivairasi inayoshinda nakala ya akiba. Diski moja ya nje, inayochomekwa mara moja kwa wiki, ikanakiliwa, ikachomolewa na kuwekwa kabatini. Ikiachwa imechomekwa, kirusi kitaifunga nayo.

Kwenu mafundi wetu vijana: tunajua mnatafuta riziki, na mikono yenu ni hodari. Wekeni Windows ya halali, washeni masasisho, mfundisheni mteja kuweka nakala, mtozeni kwa elimu hiyo. Tutalipa, na tutawaletea wengine. Na kwenu wateja: siku mtakayosimama mbele ya meza ya fundi, kabla hajaifungua mashine, muulizeni maswali mawili tu. Windows hii umeitoa wapi? Na leseni ni ya nani? Akianza kucheka, chukueni kompyuta yenu muondoke.