KONA YA MWALIMU: Utani Mtamu, Lakini Mwenyewe Yupo?

 

Mwezi huu tuongee juu ya burudani. Huko Marekani kuna bustani kubwa za michezo za kampuni ya Disney. Familia zinalipa kiingilio, zinapanda treni, bembea na mashua. Ya kwanza ilifunguliwa California mwaka 1955. Ile ya Florida ilifuata mwaka 1971. Zote mbili zina safari ya mashua inayoitwa Jungle Cruise. Kule Florida mashua inapita kwenye mito ya kuigiza, na mmojawapo ni mto wetu Kongo!

Sasa mtoto wa kule alikuwa anaona nini? Viboko, tembo, na masanamu ya watu weusi wenye mikuki. Soko hakuna, shule hakuna, wala mama anayetwanga sombe. Karibu na mwisho yupo mzee, Trader Sam, anauza vichwa vya watu vilivyokaushwa. Nahodha anatania kwamba mzee atakupa viwili vyake kwa kimoja chako. Watu wanacheka sana. Kumbe desturi ile ya vichwa ni ya msitu wa Amazoni, Amerika Kusini. Watu wa mabara mbalimbali walipikwa chungu kimoja tu.

Mwaka 2021 kampuni ilibadilisha. Mzee yule aliondolewa, pakawekwa duka la vitu vilivyopotea. Hapo mabishano yakazuka. Wengine wakasema: eti huo ni utani tu, tumeucheka tangu utoto, mbona mnatuharibia? Wengine wakajibu: mtoto anayemjua Mwafrika kupitia mashua ile, atamwangalia vipi jirani yake shuleni?

Mimi swali hilo la pili linanigusa. Familia nyingi za wakimbizi wa Kongo zimehamishiwa Marekani. Watoto wao wanakaa dawati moja na watoto waliopanda mashua ile.

Kuna mfano mwingine. Mwaka 1998 Disney ilifungua Animal Kingdom huko Florida. Ndani yake kuna kijiji cha kuigiza kinaitwa Harambe, chenye maandishi ya Kiswahili. Kampuni iliwahi pia kuajiri vijana kutoka nchi za Afrika, wakawaeleza wageni habari za kwao kwa midomo yao wenyewe. Hapo kuna nafuu, ingawa mtu anaweza bado kuuliza: mbona Afrika ni wanyama kwanza, watu baadaye?

Lakini tusiwacheke Wamarekani peke yao. Katika maigizo yetu ya tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi, Mrundi anaigizwaje? Na Mkongo je, si yule wa kuvaa na kucheza muziki tu? Mlemavu anaigizwa na mtu mzima wa miguu anayechechemea, watu wanaanguka kwa kicheko, na mlemavu mwenyewe amekaa pale pale anatazama.

Sisemi tuache utani. Utani ni ndugu. Ila kabla ya kupanda jukwaani, vijana, mwiteni yule mnayemwigiza. Mpeni nafasi acheze, aseme, arekebishe. Akicheka na ninyi, endeleeni. Akinyamaza, badilisheni.

Wazazi, mnaonaje? Jadilini nyumbani na watoto. Tuonane mwezi ujao, kaeni salama.