MEZA YA DELAMERE, BARABARA YA HARRY THUKU

Mtu aweza kushinda kesi ya shamba, kisha akamwachia mdai wake kiti cha mbele mezani. Ndivyo tulivyofanya Nairobi.

Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa siku ya Krismasi, mwaka 1904. Walowezi waliotwaa ardhi yetu walikula hapo, wakanywa hapo, wakazungumza hapo namna ya kututawala. Mwafrika alibeba sahani, akaitwa boi hata kama alikuwa na wajukuu. Kuketi mezani ilikuwa mwiko kwake.

Tarehe 16 Machi 1922 wananchi walikusanyika kwenye kituo cha polisi kilicho karibu na hoteli hiyo, wakitaka Harry Thuku afunguliwe. Kosa lake lilikuwa nini? Kupinga kipande, kodi na kazi ya kulazimishwa! Mary Muthoni Nyanjiru aliwatia watu moyo wasirudi nyuma. Bunduki zikalia, naye akaanguka. Serikali ya kikoloni ilikiri watu 21 waliuawa. Wengine walihesabu zaidi. Tena imeandikwa kwamba walowezi waliokuwa barazani mwa hoteli nao walifyatua risasi. Baraza la kunywea chai!

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, sanamu ya Lord Delamere, kiongozi wa walowezi, iliondolewa mjini. Barabara yake ikawa Kenyatta Avenue. Njia ya kwenda Norfolk ikapewa jina la Harry Thuku. Vema sana. Lakini baraza la kulia chakula, miongo mingi baada ya Uhuru, liliendelea kutangazwa ulimwenguni kwa jina la Lord Delamere. Njiani twamheshimu aliyefungwa. Mezani tukaendelea kumheshimu mkubwa wa waliotaka afungwe!

Watetezi hutuambia: watalii wapenda historia. Sisi pia twaipenda. Basi wapewe yote, wasipewe nusu. Anayesimuliwa vituko vya mabwana na farasi wao asimuliwe pia damu iliyomwagika ng'ambo ya njia.

Na chakula chenyewe je? Katika hoteli nyingi za watalii, chakula cha Ulaya ndicho cha kila siku. Ugali, irio na samaki wa nazi vimetengewa "usiku wa Kiafrika", mara moja kwa juma, pamoja na ngoma. Usiku wa Kiafrika, katika Afrika! Siku sita zilizobaki ni za nani?

Twasema wazi. Hatuna ugomvi na mgeni, wala na wapishi na wahudumu, ambao ni ndugu zetu. Twataka hoteli zote za zamani zisiwatukuze walowezi juu ya meza zetu. Twataka habari za 1922 ziandikwe pale watu wanapokula. Twataka chakula chetu kiwe chakula cha kila siku.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji asimame nyuma ya kiti.