Ukiambiwa 'wewe si kama wenzako', usikimbilie kusema asante

Hebu nikuulize. Mtu akikuambia, "Wewe ni wa kabila lile lakini uko poa," huwa unamjibu nini? Wengi wetu hucheka kidogo, tunasema asante, stori inaendelea. Inasikika kama sifa. Mimi nasema si sifa, na ushahidi wangu nimeutoa mahali ambapo pengine hukutarajia: kwenye katuni.

Naongea kuhusu Teen Titans, ile ya zamani iliyoanza 2003 na kuisha 2006 baada ya misimu 5. Usiichanganye na Teen Titans Go! ya vichekesho iliyokuja baadaye, 2013. Hii ya kwanza inahusu vijana watano wanaoishi kwenye jumba lenye umbo la herufi T na kulinda mji wao. Robin ndiye kiongozi. Cyborg ni nusu mtu, nusu mashine. Beast Boy hujigeuza mnyama yeyote anayetaka. Raven ni msichana mkimya mwenye nguvu za giza. Halafu kuna Starfire, binti aliyetoka sayari ya Tamaran, anayepaa angani na kurusha moto wa kijani kwa mikono. Huyo ndiye mwenye moyo mweupe kuliko wote pale ndani.

Katika msimu wa 4, uliotoka 2005, kuna sehemu inayoitwa "Troq". Anakuja mgeni kutoka anga za mbali, jina lake Val-Yor. Ni shujaa kweli: ana nguvu, ni jasiri, anapigana na maroboti yanayotishia uhai wa viumbe wengine. Anaomba Titans wamsaidie. Vijana wanampenda papo hapo. Nani asingempenda? Tatizo ni moja tu. Kila akimwongelesha Starfire, hamwiti kwa jina. Anamwita "Troq".

Wenzake hawajui maana ya neno hilo. Wanadhani labda ni jina la utani la watu wa huko angani. Starfire anajua, lakini ananyamaza. Baadaye ndipo anamweleza Cyborg: neno hilo ni tusi la watu wa Tamaran, na maana yake ni kitu kisicho na thamani yoyote, yaani si kitu. Anamuuliza kama anajua ilivyo kuhukumiwa kwa sababu tu ya sura yako. Cyborg anamjibu kwamba anajua vizuri, kwa kuwa yeye ni nusu roboti. Ukimtazama Cyborg utaona pia kwamba ni kijana mweusi. Katuni haisemi lolote kuhusu hilo. Inakuachia uelewe mwenyewe.

Sasa fikiria hali ya Starfire. Marafiki zake wanacheka na mtu anayemtukana mbele yao, na hawajui. Hawana nia mbaya. Lakini kutojua kwao kunamwacha peke yake.

Hapo ndipo sisi Wakenya tunaguswa moja kwa moja. Tuna lugha zaidi ya 40. Kila siku, kwenye matatu, kwenye grupu za WhatsApp, kwenye jukwaa la kisiasa, kuna neno linatupwa, watu wanacheka, na mmoja anatazama chini. Neno lenyewe linaweza kuonekana la kawaida tu. Chukua "madoadoa". Chui ana madoadoa, shati lina madoadoa, nani atakasirika? Lakini kwenye siasa za Bonde la Ufa neno hilo lilibeba maana ya watu wa jamii nyingine wanaostahili kuondolewa, na kuna waliopoteza nyumba na ndugu zao kwenye ghasia za aina hiyo. Kabla ya Uchaguzi Mkuu wa 2022, tume ya uwiano na utangamano, NCIC, ililiweka kwenye orodha ya maneno ya chuki. Ukilisikia ukacheka kwa sababu hujui, kuna mtu pembeni yako anayejua.

Turudi kwa Val-Yor, kwa sababu sehemu ninayotaka uione iko mwishoni. Starfire anafanya kazi yake vitani kama kawaida, tena vizuri, na Val-Yor mwenyewe anashuhudia. Ungetarajia nini? Kwenye filamu nyingi hapa ndipo mbaguzi analia, anaomba msamaha, wanakumbatiana. Haiwi hivyo. Val-Yor anampongeza kwa namna ya kusema kwamba kumbe yeye ni mmoja wa wale wazuri. Watu wa Tamaran kwa jumla bado ni takataka kwake, ila huyu ameponea.

Na Starfire anakataa sifa hiyo. Anaelewa kwamba akiipokea atakuwa amekubali kwamba mama yake, baba yake na watu wote wa kwao si kitu, isipokuwa yeye. Robin na wenzake nao wanasimama naye. Val-Yor anaondoka na hasira zake, bila kubadilika hata kidogo.

Ndiyo maana nasema ile "wewe uko poa" ni tusi lililovikwa nguo safi. Mtu akikuambia, "Wewe ni Msomali lakini uko poa," amekuambia mambo mawili kwa mpigo: kwamba Wasomali hawako poa, na kwamba wewe umefaulu mtihani ambao hukuomba kuufanya. Mtihani huo hauishi. Leo umepita, kesho ukichelewa kulipa deni la mia mbili utasikia, "Nilijua tu, hao watu ni hivyo."

Najua utaniambia: lakini si kufahamiana huanza na mtu mmoja? Mtu aliyelelewa akiogopa jamii fulani akipata rafiki mmoja wa huko, si ni mwanzo mzuri? Hoja hiyo ina ukweli. Ni mwanzo mzuri, kama rafiki huyo mmoja atakufanya utilie shaka ulichoambiwa kuhusu wengine. Val-Yor alipata nafasi hiyo. Aliona kwa macho yake kwamba alichoamini si kweli. Badala ya kubadilisha imani, akamtoa Starfire kwenye hesabu ili imani ibaki ilivyo.

Basi ni nani aliyekua katika hadithi hii? Starfire, kwa sababu alikuja kuona kwamba heshima yake haitoki kwa Val-Yor. Lakini marafiki zake pia. Walianza wakiwa mashabiki wa mgeni, wakamaliza wakiwa tayari kumkosa mgeni kuliko kumwacha mwenzao. Hilo si jambo dogo kwa kijana. Kumkatalia mtu unayemchukia ni rahisi. Kumkatalia yule mliyemshangilia juzi ndiyo kazi.

Kuna sehemu nyingine, "Go!", ya msimu wa 5, inayoonyesha walivyokutana mara ya kwanza. Starfire anatua mjini akiwa na pingu, mkali, haongei lugha ya mtu, anavunja kila kitu. Kila mtu anamwona adui. Robin ndiye anayeamua kumfungua zile pingu, kisha ndipo wanajua kwamba alikuwa mateka. Cyborg siku hiyo alikuwa amejificha ndani ya hudi ili watu wasione mwili wake. Raven naye alidhani wangemjua alivyo wasingemtaka. Yaani timu nzima ni ya watu walioogopa kuonekana.

Nina lawama moja kwa katuni hii. Val-Yor anapanda chombo chake na kupotea angani, mambo yameisha. Kwetu haiko hivyo. Val-Yor wako ni mjomba anayekulipia karo, ni mwanadarasa mwenzako, ni jamaa wa ploti moja nawe, tena mcheshi. Huwezi kumfukuza sayari.

Lakini kuna unachoweza kufanya. Ukiambiwa, "Wewe si kama wenzako," muulize kwa upole, "Wenzangu wako aje?" Mwache aseme kwa mdomo wake. Wengi hukwama hapo, kwa sababu hawajawahi kulazimika kulitamka wazi. Na ukiwa wewe ndiye rafiki uliyekaa pembeni, ukisikia neno usilolielewa na mwenzako amenyamaza ghafla, usingoje yeye ajitetee. Muulize baadaye, mkiwa wawili, lina maana gani. Akikuambia linamuumiza, siku nyingine wewe ndiye uwe wa kwanza kusema, "Buda, hilo neno wacha."