Togwa na Lango la Tumbo

Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kuanzia Palma hadi Mocímboa da Praia, ng'ombe ni wachache, na mbung'o ni sababu mojawapo. Mama asiyepata maziwa mgando kwa watoto wake anaweza kutazama ng'ambo ya Mto Ruvuma, ambako jirani zake wa Tanzania hutengeneza togwa. Uji hupikwa ukaiva, huachwa hata uwe vuguvugu, kisha hutiwa kimea na togwa kidogo ya jana. Kesho yake umechachuka, nao umejaa bakteria hai wasiodhuru.

Je, wakimezwa hufika wapi? Lango la kwanza ni tumbo. Asidi yake ni kali mno tumbo likiwa tupu, wala haichagui: humwua bakteria wa kipindupindu na wa togwa vilevile. Wanaopenya hukutana na nyongo katika utumbo mdogo, na wengine hufia hapo. Wakimezwa pamoja na chakula hupona wengi zaidi, kwani chakula hupunguza ukali wa asidi. Hata hivyo waliopona aghalabu hupita tu kama wageni. Mtu akiacha kunywa togwa, baada ya siku chache hutoweka. Kikombe kimoja kwa mwezi, basi, hakina maana kubwa.

Kwa kweli kazi ya togwa huanza chunguni. Uchachu wake huzuia vijidudu vya maradhi kustawi humo, jambo la thamani kwa nyumba isiyo na jokofu. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti wa Tanzania juu ya watoto wadogo waliolishwa togwa. Vijidudu vya kuharisha vilipungua katika choo chao.

Lakini lango hilo hushindwa na wingi. Kipindupindu kilipozuka Cabo Delgado mwaka 2020, watu wengi walikuwa wamekwisha kimbia vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, na maji safi yalikuwa haba. Maji machafu huingiza vijidudu vingi mno kwa mkupuo mmoja. Naye askari anayetafuna vidonge vya kiungulia kila siku na afahamu kwamba analegeza lango lake mwenyewe. Yeye hasa achemshe maji ya kisima.

Mtoto akiharisha, togwa si dawa. Apewe maji safi lita 1 yaliyotiwa vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, anywe kidogo kidogo. Anyonyeshwe kama kawaida, na apelekwe kwenye zahanati siku hiyohiyo.