Simu ya Upepo na Simu ya Mkononi Zipate Kusikilizana

Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, lori lililobeba kontena, likitokea upande wa Nakuru, lilimshinda dereva, likayapitia magari ya abiria, bodaboda na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara, na watu zaidi ya 50 wakafikwa na mauti. Takriban miaka mitano kabla yake, alfajiri ya tarehe 10 Oktoba 2018, basi lilianguka karibu na Fort Ternan, katika kaunti iyo hiyo ya Kericho, na hesabu ya waliofariki ikapita 50 vilevile. Siyataji maafa haya ili kuwatonesha wafiwa, wala sidai kwamba chombo chochote cha mawasiliano kingaliweza kulizuia lori lile au basi lile; nayataja kwa sababu kila ajali kubwa huwakutanisha mahali pamoja, kwa muda wa saa moja au mbili, polisi, madereva wa ambulensi, watu wa Msalaba Mwekundu, matabibu, walinzi wa mashamba na raia wema waliotangulia kufika, na kila kundi lina njia yake ya kusemezana, na njia hizo aghalabu hazikutani.

Mtu apitaye Kericho na Bomet huona minara mingi, akadhani nchi hii imejaa mawasiliano tele. Ni kweli kwamba simu ya mkononi imo karibu katika kila nyumba, na walinzi wa mashamba makubwa, mtutu wa antena ukiwachungulia begani, husemezana kwa simu ya upepo usiku kucha. Lakini mlinzi wa shamba hawezi kusemezana na dereva wa ambulensi, dereva wa ambulensi hawezi kusemezana na polisi, na mkulima mwenye simu ya mkononi hawezi kumsemesha hata mmoja wao illa awe na nambari yake, na mwenye nambari awe na chaji, na mnara wa karibu uwe na nafasi. Rai yangu ni kwamba serikali za kaunti hizi mbili zijenge, kwa shirika, lango moja la kuunganisha simu za upepo na simu za kawaida. Na tena, zisidhani kulinunua ndiko kulijenga, maana kazi yenyewe imo katika kulipanga, na kulipanga ni shauri la watu wa hapa, si la mchuuzi wa mitambo.

Lango ninalolisema si kitu cha ajabu. Ni kompyuta ndogo iliyofungwa, kwa upande mmoja, kwenye redio inayosikiliza masafa ya ambulensi na mashamba, na kwa upande wa pili, kwenye mtandao wa simu. Sauti iingiayo kwa mlango huu hugeuzwa tarakimu, ikatolewa kwa mlango ule. Programu yake hupatikana bure. Mwaka 1999 kijana mmoja wa Marekani, Mark Spencer, alipokosa fedha za kuinunulia kampuni yake changa mtambo wa simu, aliketi akaandika wake mwenyewe, akauita Asterisk, akauachia ulimwengu autumiaye autumie. Kisha wapenzi wa redio wakauongezea maarifa ya kuendesha ripita, yaani mtambo upokeao sauti ya redio na kuirusha tena ifike mbali. Basi hoja ya kwamba kaunti hazina fedha haina nguvu hapa, na wenye kuitoa watafute nyingine.

Hoja nyingine nzito zaidi ni ile ya kwamba zama za simu ya upepo zimepita, na kwamba kikundi cha WhatsApp kinatosha. Mintarafu ya mambo ya kila siku, naikubali. Lakini tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika takriban nchi nzima ya Kenya, na tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilizolala chini ya bahari zilipoharibika, intaneti ya Afrika Mashariki ikalegea kwa siku kadhaa. Na hata pasipo misiba mikubwa kama hiyo, mnara mmoja wa simu una nafasi zenye hesabu, na watu mia wakipiga kwa pamoja kutoka mahali pa ajali, wengi wao huambiwa mtandao una shughuli. Simu ya upepo haiulizi nyaya za bahari. Asemaye mara moja husikika na wote walio katika masafa yake, bila ya muda wa maongezi kununuliwa, na hili ndilo jambo ambalo simu ya mkononi, pamoja na uhodari wake wote, haikuumbiwa. Udhaifu wa simu ya upepo ni kwamba mawimbi yake hutaka njia iliyo wazi, na nchi hii ya mabonde, yenye mikalitusi iliyopandwa iwe kuni za viwanda vya chai, ambayo majani yake yakilowa humeza mawimbi, humkatisha mtu maneno kwa kilima kimoja tu. Kila kimoja kina upungufu ambao mwenzake anaweza kuufidia, na ndiyo maana nataka viunganishwe.

Sasa niseme juu ya kulipanga, kwa kuwa hapa ndipo malango mengi hufa. Katika simu ya upepo, asemaye hubonyeza kitufe, na maadamu amekibonyeza hamsikii mtu. Amalizapo hukiachia, naye akawa msikilizaji. Katika simu ya kawaida wawili husema na kusikia kwa wakati mmoja, hata wakakatizana wakipenda. Lango liwaunganishapo watu wa namna mbili hizi, sharti liamue kwa niaba ya mwenye simu ya mkononi ni lini kitufe kibonyezwe, maana yeye hana kitufe. Fundi mvivu hulipa lango amri moja tu, kwamba lisikiapo sauti libonyeze. Amri hii hufaa ofisini penye utulivu. Lakini mpigaji aliye kando ya barabara kuu ya Kapsoit, malori yakinguruma na mvua ikipiga mabati, hupeleka kelele isiyo na kituo, na lango, likidhani angali anasema, huyashika masafa yote hata ambulensi ikakosa pa kujibia. Fundi mwangalifu humpa mpigaji tarakimu moja ya kufungua na nyingine ya kufunga, na kwa upande wa redio huvuta waya kutoka katika kipokezi chenyewe, ili lango lijue kwa yakini kwamba mawimbi yameingia, wala lisikisie kwa masikio. Fauka ya hayo huweka kikomo cha muda, aghalabu dakika tatu, ili kitufe kilichokwama chini ya kiti cha dereva kisinyamazishe kaunti nzima.

Kisha kuna kitambo ambacho ripita huchukua kuamka. Ni sehemu ndogo ya sekunde, tena lango likipita katika mtandao huongezeka nyingine, na asemaye mara tu abonyezapo hupoteza silabi yake ya kwanza. Kwa lugha nyingine huenda hasara ikawa ndogo. Kwetu sisi, ambao ukanusho wetu hukaa mwanzoni mwa neno, muuguzi akisema "hawahitaji damu", hospitalini ikafika "wahitaji damu". Dawa yake ni kulipa lango subira kabla ya kupitisha sauti, na kuwafunza watu wabonyeze, watulie kidogo, ndipo waseme. Kiwango cha sauti nacho hutaka mkono mwepesi: ikizidi hupasuka, ikipungua humezwa na mvumo, na ikirudi ilikotoka humletea msemaji mwangwi wa maneno yake mwenyewe hata akababaika. Na palipo na intaneti hafifu, kama palivyo katika miinuko mingi ya Bomet, ni afadhali kuchagua namna ya kuibana sauti itumiayo biti 8,000 kwa sekunde kuliko ile ya kawaida itumiayo 64,000, ijapokuwa uzuri wa sauti hupungua. Msikilizaji wa habari za majeruhi hahitaji uzuri, ahitaji maneno yote yafike.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hulipotosha, nami naona ni wajibu kulibainisha. Redio nyingi huweza kutuma, pamoja na sauti, mlio mzito wa mizunguko kati ya 67 na 254 kwa sekunde, ambao redio ya mpokeaji huuchuja usifike sikioni, na lango hupangwa lisimfungulie mtu asiye na mlio huo. Mlio huu wauzaji wengine huuita faragha. Si faragha hata kidogo: huizuia redio yako isifunguliwe na mgeni, lakini haumzuii mgeni asikusikie wewe. Kwa hivyo jina la mgonjwa, maradhi yake na nyumbani kwake visitajwe kamwe katika masafa ya wazi, kwa heshima ya mgonjwa kwanza, na kwa Sheria ya Kulinda Data ya 2019 pili. Hadhari nyingine ni ya nywila. Lango lililoachwa na nywila liliyotoka nayo kiwandani, likafunguliwa kwa intaneti, hutafutwa na kuonekana upesi na wezi walio ng'ambo, nao hulitumia kupiga simu za bei ghali, na ankara ikaletwa kwa kaunti.

Mahali pa kuliweka pachaguliwe kwa busara, wala pasichaguliwe kwa kuwa ndipo penye ofisi ya mkubwa. Bomet ina bahati ya kuwa na hospitali ya Tenwek, ambayo tangu 1987 ina mtambo wake wa umeme katika mto Nyangores, na penye umeme wa namna hiyo, pamoja na wauguzi wasiolala, ndipo panapostahili nusu moja ya lango. Nusu ya pili iwe Kericho, katika hospitali ya rufaa ya kaunti, nayo iwekewe betri na sola zake, na nusu hizi ziunganishwe kwa mawimbi ya moja kwa moja pamoja na intaneti, ili intaneti ikifa zisifarikiane. Zaidi ya yote lango lipangwe hivi, kwamba kompyuta yake ikizima, ripita iendelee kufanya kazi kama kawaida. Maana chombo cha kuongeza njia kikizifunga na zile zilizokuwako, ni heri kisingewekwa. Na kwa kuwa miinuko hii ni makao ya ngurumo, asiyezika fimbo ya shaba ardhini barabara kabla ya kupandisha antena ajiandae kununua redio nyingine msimu ujao.

Yote haya hayana faida ikiwa anayepokea hajui Chepsir iko wapi. Mpigaji aliyefadhaika hatoi anwani. Husema yuko chini ya Kaplong, au karibu na kituo cha majani ya chai kilicho baada ya daraja, na husema hivyo kwa Kikipsigis, kwa Kiswahili, au kwa zote mbili. Karani aliyeketi Nairobi, hata awe msomi, atamwuliza maswali matano ambayo kijana wa Litein hangeuliza hata moja. Chuo Kikuu cha Kabianga kiko Kericho, na Bomet ina chuo kikuu kishiriki chake. Vijana wa vyuo hivi wafunzwe kulipanga lango, kulilinda na kulijibu, na kila badiliko la mipangilio liandikwe katika daftari lililo wazi, kwani nimeona katika ofisi zetu mitambo mizuri ikigeuka mapambo siku ile fundi wa zabuni alipoondoka na nywila kichwani mwake.

Viwanda vya chai navyo visisimame pembeni. Viwanda vya wakulima vilivyo chini ya KTDA, wakala wa ustawi wa chai, kama Litein, Kapkatet, Mogogosiek na Kapkoros, hutuma malori kila siku kuyachukua majani mabichi vituoni, na majani hayo yakikawia katika magunia hupata joto yakaharibika. Lori likikwama matopeni, wakulima hukaa kituoni hata usiku pasipo habari. Dereva mwenye simu ya upepo iliyofungwa katika lori, akijulikana na lango, ataweza kumfikia karani kwenye simu yake ya mkononi, na siku ya ajali atakuwa shahidi wa kwanza barabarani. Faida hii yatosha viwanda vichangie gharama. Makampuni ya mashamba makubwa, ambayo yamekaa katika ardhi hii karibu miaka mia, yafanye vivyo hivyo bila ya kubembelezwa.

Sheria haina kizuizi, ina utaratibu. Masafa hutolewa kwa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano, chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya 1998, na kuyaunganisha na mtandao wa simu za umma sharti kuombewe idhini kabla ya waya wa kwanza kufungwa. Nani aombe si swali, kwa kuwa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeziwekea kaunti huduma za ambulensi, zimamoto na usimamizi wa majanga, wala hazina ruhusa ya kumsubiri waziri.

Makadirio ya matumizi ya kaunti hupelekwa mbele ya mabunge yake kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka, na Katiba imempa kila mwananchi haki ya kutoa maoni yake juu ya fedha hizo. Nawasihi wakulima wa Kericho na Bomet, madereva, wauguzi na wazazi wa watoto wanaovuka barabara ya Londiani kila asubuhi, waende katika vikao hivyo, waulize kwa majina ya vituo na hospitali zao: ajali ikitokea usiku huu, nani atamsikia nani?