Mashua Huko Kibera



Likizo ya Agosti tuliipitisha Nairobi, tukiwa wageni wa ndugu zetu wa Kawangware. Wenyeji wasema jina la mtaa huo latokana na ngware, ndege ambaye sisi wa pwani twamwita kwale. Ndege hatukumwona, tulichokiona ni mikokoteni. Tangu alfajiri maji hupita mbele ya nyumba yakiwa ndani ya madumu ya lita 20, na mama wa nyumba huyahesabu madumu yake kabla ya kuhesabu kitu kingine. Hilo si geni kwetu watu wa Mombasa.

Siku ya pili tulishuka soko la Toi, tukatembea hadi Makina, Kibera, kumwamkia bibi mmoja wa Kinubi aliyepata kuwa jirani yetu zamani. Wazee wake ni wale askari wa Kisudani wa King's African Rifles waliokalishwa hapo mwanzoni mwa karne iliyopita, palipokuwa bado msitu. Tulipokwisha kunywa chai, mjukuu wake wa kike akatuonyesha picha zilizotumwa na shangazi yake aishiye Birmingham, Uingereza.

Shangazi na wanawe walikodi mashua kwa siku moja ya kiangazi. Si mashua kama zetu: upana wake haufiki futi 7, na urefu wake ni kama wa mabasi mawili. Hupita katika mifereji iliyochimbwa kwa mikono, kwa mwendo wa kilomita 6 hivi kwa saa, hata mtu atembeaye kando aweza kuipita. Penye mwinuko pana malango mawili ya mbao. Mashua huingia katikati, malango hufungwa, maji hujazwa, nayo hupanda taratibu kama mtu apandaye ngazi. Watoto ndio waliosukuma malango. Adhuhuri ilipoingia waliifunga mashua ukingoni wakaswali jamaa juu ya majani, kisha wakala. (Shangazi alikiri kwamba aliyepika humo ndani alikuwa yeye yule yule apikaye nyumbani.)

Mifereji hiyo haikuchimbwa kwa ajili ya matembezi. Ule wa Bridgewater, uliofunguliwa mwaka 1761, ulipeleka makaa ya mawe Manchester, na mashua zilivutwa na farasi. Baadaye jamaa nzima zilihamia humo: baba, mama na watoto katika chumba kisichozidi futi 10 kwa urefu. Wakazi wa Kibera, ambao vyumba vyao vingi ni futi 10 kwa 10, hawahitaji kufafanuliwa maisha hayo. Reli na malori yalipochukua mizigo, mifereji mingi ikajaa tope na takataka, na wapo walioona heri ifukiwe. Mwaka 1946 raia wakaunda chama cha kuitetea. Watu wa kujitolea wakaingia topeni na sepetu, mwaka baada ya mwaka. Tangu 2012 mifereji mingi ya Uingereza na Wales iko chini ya amana ya hisani, jambo ambalo sisi tungeliita wakfu.

Bibi alisikiliza yote, kisha akasema, "Hapa kwetu pia palikuwa na mashua."

Wajukuu walicheka. Bibi hakucheka.

Tukashuka naye polepole, tukapita Silanga, hadi Bwawa la Nairobi. Lilijengwa mwaka 1953 liwe akiba ya maji ya jiji, na kwa miaka mingi palikuwa na klabu ya mashua za tanga. Bibi alituonyesha kwa mkono mahali ambapo alizoea kusimama akiwa msichana, akitazama matanga meupe yakigeuka na upepo. Hakupata kupanda hata siku moja. Hazikuwa za watu wa upande wake. Leo hakuna wa upande wowote apandaye. Gugu maji limefunika uso wote, watu wamelima mboga juu ya tope, na harufu ilitufanya tujizibe pua kwa ncha za mitandio.

Mtume wetu (s.a.w.) alikataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama. Lakini hatuoni haya kusema kwamba lawama hii si ya mama wa Kibera. Mto Motoine huingia bwawani ukipitia makazi ambayo hayakuletewa mabomba ya maji machafu ya kutosha, na mtu asiye na choo hana pa kuchagua. Mvua za mwaka 2024 zilipozidi, mito hiyo hiyo ya Nairobi iliwaingilia watu majumbani usiku. Watoto waliokulia hapo wayajua maji kwa namna mbili tu: ya kununuliwa na ya kukimbiwa.

Mjukuu alituuliza kama baharini kwetu mashua ni za kila mtu. Tuliona uzito kujibu, kwa kuwa wako mabinti wa Mji wa Kale walioposwa na kuolewa hawajawahi kuvuka hata hadi ng'ambo ya pili kwa matembezi.

Basi tumepatana. Disemba, in shaa Allah, watakuja, nasi tutakodi mashua moja ya tanga kwa siku nzima, wanawake na watoto, asubuhi hadi Alasiri. Bibi amekubali kuja kwa sharti moja: asiambiwe apike.