Tusingoje Mtoto Afike Shule Ndipo Tumpime

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Sijui ni wapi msemo huo una uzito kuliko katika tiba ya viungo vya watoto. Mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda, akiletwa mapema, hunyoshwa kwa plasta inayobadilishwa kila wiki hata akakanyaga sawasawa. Mwenye mtindio wa ubongo haponi, lakini mazoezi ya mapema husaidia viungo vyake visikakamae, na mamaye hufundishwa namna ya kumketisha, kumlisha na kumbeba. Wote wawili wakicheleweshwa, kazi huwa ngumu maradufu.

Katika Turkana, kuchelewa ni rahisi mno. Kutoka Kakuma hadi hospitali ya rufaa ya kaunti iliyoko Lodwar ni kilomita zipatazo 120. Kwa mama anayehama na mifugo kutafuta malisho, safari hiyo si mchezo. Yamkini mtu wa kwanza kumtazama mwanawe kwa makini atakuwa mwalimu wa chekechea.

Atamtazama kwa kipimo gani? Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto wa Ghana, India, Norwe, Oman na Marekani. Ilibainika kwamba watoto wenye afya huanza kutembea wenyewe wakati wowote kati ya miezi 8 hivi na 18. Wengine hawakutambaa kwa magoti kamwe, wakasimama dede na kwenda zao. Kwa hiyo mama asitishwe kwa sababu mwana wa jirani ametangulia. Lakini aliyepita miezi 18 bila kutembea hana budi kuchunguzwa.

Tena malezi yana nguvu zake. Mtafiti Charles Super aliandika mwaka 1976 kwamba watoto wa Kipsigis waliketi na kutembea mapema kuliko wa Marekani, kwa kuwa mama zao waliwazoeza makusudi. Kutambaa, ambako hawakuzoezwa, hawakutangulia. Basi kumwuliza mtoto wa manyatta kama anapanda ngazi ni kumwonea. Watafiti wa Kilifi walikwisha kutunga kipimo kinachowafaa watoto wa pwani. Turkana nayo yastahili chake. Na kule kambini Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992 na kukusanya watu wa mataifa mengi, mtoto asihesabiwe kuwa ameshindwa kuruka ilhali hakuelewa lugha aliyoamriwa kwayo.

Watakaosema kwamba walimu tayari wana mzigo mzito wana haki. Hata hivyo, simwombi mwalimu awe tabibu. Namwomba atambue mtoto anayeanguka mara kwa mara, anayetembea kwa ncha za vidole, au anayetumia mkono mmoja tu, kisha ampeleke kwa wataalamu badala ya kumwita mvivu. Vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu vilianzishwa nchini mwaka 1984 kwa ajili hiyo.

Serikali ya kaunti nayo haina pa kujificha. Katiba ya 2010 iliikabidhi zahanati na chekechea pamoja. Iagize kwamba siku mtoto anapopimwa uzito, ukurasa wa hatua za ukuaji katika kijitabu cha mama na mtoto ujazwe pia. Iwapeleke wataalamu wa viungo Kakuma na malishoni kwa siku zinazojulikana, badala ya kumngoja mama Lodwar. Nanyi wanafunzi wa ualimu na wa tiba, jifunzeni kazi hii pamoja, maana mtoto mtakayemhudumia ni yule yule mmoja.

Miaka ya utotoni hairudi. Mtoto anayeachwa kivulini huku wenzake wakienda shule hakunyimwa miguu na maumbile pekee. Nasi pia tumemnyima.